Mhudumu wa Ndege Aliyehesabu Watu Ndani ya Basi

Ngendo anasema alikuwa amekaa kiti cha nyuma, kwa hivyo aliona kila kitu.

Kwa maelezo yake, basi lilikuwa limesimama Karatina ili watu wanywe chai. Wakati wa kuondoka ulipofika, Murugi wa Theuri alisimama katikati ya basi na viatu vyake virefu vya ndege, akaanza kuwahesabu watu kwa kidole, kwa sauti, kama mtu anayehesabu mbuzi sokoni Doldol. Alipofika kwa mzee Ngatia, kidole kilitua juu ya kofia ya mzee kikakaa hapo. Murugi akataja namba. Mzee akainama, anasema Ngendo, kama mtu aliyetwikwa gunia.

"Na mwezi haukuisha," anasema, akipanga mafungu ya sukuma wiki mbele ya kibanda chake Majengo, mjini Nyeri, karibu na msikiti. "Mwezi haukuisha, mzee tukamzika. Sasa wewe niambie. Mimi sijasema kitu. Mimi nasema tu ile niliona."

Mteja mmoja, mama mwenye kikapu mgongoni, anadakia: "Hao wasichana wa ndege wamezoea kuhesabu wazungu. Mzungu ukimhesabu hafi."

Wanacheka wote wawili. Kisha Ngendo anashusha sauti.

"Leo analala Bombei, kesho analala London. Mwanamke wa kulala kila mahali, kwao ni wapi?"

Ngendo anauliza kwa kejeli. Murugi hujiuliza swali hilo hilo kila anapovua unifomu yake, na yeye hacheki.

Saa mbili asubuhi, nyuma ya jiko la mama yake huko Kamakwa, Murugi ameketi kwenye kigoda, miguu ikiwa ndani ya karai la maji moto yenye chumvi. Ukungu wa Agosti bado haujapanda. Amejifunga shuka kiunoni na kuvaa sweta ya kaka yake. Ukipita njiani ukamwona, huwezi kudhani kuwa jana asubuhi mwanamke huyu alikuwa angani juu ya bahari, akimwinamia abiria kumwuliza kama anataka kuku au samaki.

"Miguu ikivimba, viatu havitoki," anasema. "Siku zingine navua nikiwa nimeshika ukuta, kama mama mjamzito."

Ana umri wa miaka thelathini na minne. Ameifanya kazi hii tangu mwaka wa sitini na nne, mwaka mmoja baada ya Uhuru, mashirika ya ndege yalipoanza kuchukua wasichana Waafrika. Picha yake ilitoka gazetini wakati huo, akitabasamu kwenye ngazi ya ndege. Mama yake, Magdaline, aliibandika ukutani. Moshi wa jiko umeigeuza rangi, na sasa tabasamu ndilo linaloonekana vizuri kuliko uso.

Picha hiyo ndiyo watu wa Nyeri wanayo vichwani mwao mpaka leo. Wanafikiri anapaa bure, anakula bure, anavaa bure. Wanafikiri ana pesa zisizokwisha. Murugi anasema mshahara wake ni shilingi elfu moja na mia sita kwa mwezi, na chumba anachokodisha huko Nairobi anakitumia pamoja na msichana mwenzake wa kazi, Mbula kutoka Machakos. Kitanda ni kimoja. Mmoja akiwa safarini, mwingine analala.

"Watu wanafikiri ndege ni yangu," anasema. "Kuna jamaa aliniuliza kwa nini nisiishukishe hapa Nyeri nimsalimie mama."

Kazi yenyewe anaieleza taratibu, macho yake yakiwa kwenye karai. Abiria akitapika, yeye ndiye anayeshika mfuko. Choo kikiziba, yeye ndiye anayevaa glavu. Mtoto akilia toka uwanja wa Embakasi mpaka Roma, watu wazima humtazama yeye na kumwacha mama wa mtoto. Kila mwezi wasichana hupandishwa kwenye mizani, na aliyezidi huondolewa safarini mpaka apungue.

"Nikija hapa mama ananipakulia mukimo, nakula nusu. Ananuna. Anafikiri nimedharau chakula cha kwetu. Nitamwambiaje kuna mzungu na mizani ananingoja?"

Anamkumbuka mzee mmoja kutoka Siaya, kwa jina Oloo, aliyekuwa akienda kumtembelea mwanawe anayesoma Ulaya. Mzee huyo hakuwa amewahi kupanda ndege. Magurudumu yalipoacha ardhi alimshika Murugi mkono, na hakuuachia.

"Nilimwambia, mzee, nina kazi. Akasema, 'Binti yangu, fanya tu, lakini huu mkono niachie.' Nikagawa chai na mkono mmoja mpaka Athens." Anacheka kidogo, mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Huyo hakuniuliza kama nimeolewa."

Swali la kuolewa humfuata kila mahali. Miaka sita iliyopita mwalimu mmoja wa Othaya alimchumbia, mambo yakaendelea vizuri, mpaka mama wa mwalimu aliposikia kazi yake ni gani. Aliuliza swali moja tu: Je, ni kweli msichana huyu huwafunika wanaume blanketi?

"Ni kweli," anasema Murugi. "Nimewafunika wengi sana. Wengine wanakoroma. Wengine wananuka miguu mpaka unashikilia pumzi. Lakini mama wa watu hakutaka kusikia hiyo ya miguu."

Mama yake naye hakusalimika. Katika chama cha akina mama kanisani, wenzake walimweka katikati siku moja wakamwuliza kama ni kweli wasichana wa ndege hupewa dawa ili wasizae.

"Nikawaambia, nendeni mkaulize ndege," anasema Magdaline akipuliza moto. "Wakanyamaza. Lakini nilikaa wiki mbili bila kwenda. Mtu anachoka."

Anayemwelewa Murugi zaidi ni Moffat, mhudumu wa hoteli moja mjini, mwanamume wa makamo mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa jembamba. Murugi hupita hapo kumsalimia kila ajapo.

"Kazi yetu ni moja, mimi na huyu," anasema Moffat, akifuta meza. "Sahani, kikombe, 'karibu tena'. Tofauti ni kwamba mimi nikimmwagia mtu chai niko na mahali pa kukimbilia."

Anakunja kitambaa chake, kisha anaongeza, safari hii bila mzaha: "Lakini mimi hakuna mtu ameniuliza kama nalala na wageni. Nimefanya hii kazi tangu wakati wa mkoloni. Hata siku moja."

Mwezi wa Februari mwaka ujao Murugi atatimiza miaka thelathini na mitano. Mkataba wa wasichana wa shirika lake unakoma siku hiyo. Rubani anaweza kuruka mpaka mvi zimjae kichwani, na wanaume wanaogawa vinywaji huendelea pia, lakini msichana akifika thelathini na mitano hupewa mkono wa kwaheri na seti ya vikombe.

Hapo ndipo taabu yake ilipo. Shamba la marehemu baba yake, mzee Theuri, liligawanywa na kuandikwa kwa jina la kaka yake Wahome. Murugi hakugawiwa chochote, kwa sababu msichana ni wa kuolewa, naye hakuolewa. Wahome si mtu mbaya. Humwachia dada yake chumba cha kuwekea mahindi kila anapokuja, na husogeza magunia mwenyewe. Lakini Wahome ana wake na watoto, na chumba cha mahindi ni cha mahindi.

Kwa hiyo Januari mwaka huu, Murugi alimwendea mzee Ngatia, jirani yao wa upande wa mto.

Mzee Ngatia alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Kwa miaka mingi aliwatoa Doldol kwa Wamaasai, akiwaswaga mpaka Nanyuki na kuwaleta Nyeri kwa lori. Alikuwa na shamba la kahawa la mteremko, na kwenye kona ya chini, karibu na maji, palikuwa na kipande ambacho kahawa ilikataa. Murugi alikiomba anunue. Bei walikubaliana bila mabishano.

"Mzee alinitazama sana," anasema Murugi. "Akaniuliza, 'Utajenga kweli, ama utaniletea mzungu hapa aweke mbwa?' Nikamwambia nataka nyumba ya mbao, vyumba viwili, na ng'ombe mmoja wa gredi, wa maziwa. Akasema, 'Ng'ombe ni sawa.'"

Mzee hakupoteza muda. Alipanda itoka, yale maua yanayopandwa huku kuwa mpaka, pande mbili za kipande hicho. Pande mbili zilizobaki angezimaliza mvua ikinyesha. Kisha akasema ataenda naye mbele ya bodi ya ardhi, ambayo bila idhini yake shamba haliuzwi, mara tu atakapomaliza shughuli moja ya nyumbani kwake: kupeleka mahari ya mwanawe Kihara, huko Kangari.

Ndiyo sababu Murugi hakukosa safari hiyo ya Aprili. Alitua Embakasi alfajiri akitokea Bombei, akabadilisha nguo chooni, akavaa viatu vya raba na kuelekea Kangari moja kwa moja na mkoba wake wa safari, bila kulala. Watu wa Nyeri walikuwa wamefika kwa basi la kukodi. Aliwakuta wameketi nyumbani kwa wakwe, katikati ya majani ya chai, baridi imewapiga.

Hakuketi. Mtu mmoja, hakumbuki nani, alisema kwa sauti ya furaha: "Hostesi wetu amefika! Wacheni atuhudumie, si amezoea?" Watu wakapiga makofi. Murugi akavua koti, akashika birika. Aligawa uji, akagawa nyama, akakusanya sahani. Kila alipotaka kuketi mtu alimwinulia kikombe na kusema "Sista, mimi whisky," na kicheko kikaanza upya. Wanawake wenzake walikuwa jikoni nyuma ya nyumba. Yeye alibaki huku mbele, peke yake kati ya safu za viti.

"Sikukasirika," anasema. "Mzee Ngatia alikuwa ananiangalia. Nilitaka aone kwamba mimi ni mtu wa kwao."

Wakirudi Nyeri, jioni ilikuwa haijaingia bado walipofika Karatina. Watu waliteremka kunywa chai, wakarudi mmoja mmoja. Utingo alichungulia ndani, akauliza kama wote wameingia. Hakuna aliyejibu. Wengine walikuwa wanasinzia.

Ndani ya ndege mlango haufungwi mpaka mhudumu ahesabu abiria, kiti kwa kiti, na hesabu yake ilingane na ya rubani. Murugi amefanya hivyo kwa miaka kumi. Anasema siku hizi huhesabu hata katika ndoto, na kanisani inambidi ainamishe kichwa asiangalie mabenchi. Siku hiyo alikuwa hajalala tangu juzi yake.

"Mkono ulienda wenyewe," anasema. "Sikuamka nikasema nahesabu. Nilijikuta niko katikati, nagusa migongo ya viti."

Msomaji wa Mombasa au wa Kisumu huenda akashangaa kosa liko wapi. Kati ya Wakikuyu wa mlimani, mtu hahesabiwi. Ukimwuliza mama ana watoto wangapi, atakutajia majina yao akuache ujumlishe mwenyewe. Kumtaja mtu kwa namba ni kama kumwonyesha kwa kidole mbele ya kile kitu kinachotafuta watu, mauti. Vijana wa shule hucheka jambo hili. Wakiwa na watoto wao wenyewe hawacheki tena.

Mwalimu Khisa, mwenyeji wa Bungoma anayefundisha shule ya msingi mjini Nyeri, alipewa kazi ya kuandikisha watu wakati wa sensa ya mwaka wa sitini na tisa. Anaikumbuka vizuri.

"Niliingia boma moja nikauliza, mama, mko wangapi hapa? Akanipa kiti. Nikauliza tena, akanipa chai. Mara ya tatu akaanza kunitajia majina, huyu na huyu na huyu, mpaka penseli yangu ikaisha. Mimi nikasema, kumbe hawa watu ni wengi hivi!"

Mzee Ngatia mwenyewe, kwa biashara yake yote ya Doldol, hakuwahi kuwahesabu mbuzi. Mwanawe Kihara anasema baba yake alisimama tu mlangoni mwa zizi na kuwatazama wakipita: yule mwekundu, yule wa doa shingoni, yule wa pembe moja. Aliyekosekana alijulikana kwa rangi yake.

Basi lilinyamaza lote. Mama mmoja alivuta leso akamfunika mjukuu wake kichwa. Murugi, masikio yake bado yakiwa yameziba kwa safari ya ndege, hakuusikia ukimya ule. Aliendelea. Alipofika kwa mzee Ngatia, mkono wake ulikuwa juu ya mgongo wa kiti. Juu ya kofia haukufika, anasema, na Kihara aliyekuwa kiti cha pili anasema hivyo hivyo.

Na mzee hakuinama. Alicheka.

"Na mimi umenifanya wa ngapi, mwanangu?" aliuliza.

"Wa ishirini na tatu, mzee," alijibu Murugi, kwa ile sauti ya kazini, ya upole, ambayo hutoka hata akiwa amechoka.

"Basi niko," alisema mzee, akacheka mpaka akakohoa.

Ngendo hasimulii sehemu hii ya kicheko. Ukimwuliza, anasema kutoka kiti cha nyuma hakusikia vizuri.

Murugi anasema alipotaja namba ile ndipo aliposikia mdomo wake mwenyewe. Alirudi kwenye kiti chake akaketi. Kutoka Karatina mpaka Nyeri hakuna aliyeanzisha wimbo, ingawa walikuwa wametoka kupeleka mahari na ikapokelewa.

Kifua cha mzee kilikuwa kimemsumbua tangu mvua za mwaka uliopita. Kila mtu jirani alijua, Ngendo akiwemo, kwa sababu yeye ndiye aliyemletea majani ya kufukiza. Wiki ya tatu baada ya safari ya Kangari mzee alipelekwa hospitalini. Hakurudi.

Murugi alikuwa Karachi. Aliporudi Nyeri mzee alikuwa amekwisha kuzikwa, na matanga yalikuwa yakielekea mwisho. Aliingia uwanjani na sukari na majani ya chai, kama wafanyavyo watu. Wanawake waliokuwa kwenye moto wakasogea. Hawakusogea kumpa nafasi ya kukaa.

"Nilijua kabla mtu hajasema," anasema. "Mimi kazi yangu ni kutazama nyuso. Mtu anaogopa, mtu amekasirika, mtu anataka kutapika, naona kabla hajasema."

Tangu siku hiyo kipande cha kona kimekaa vile vile. Itoka imeshika vizuri pande mbili. Pande nyingine mbili ni nyasi tu. Kihara, ambaye sasa ndiye mwenye shamba, amesema waziwazi kwamba yeye hana neno: baba yake alikubali, naye amekubali, ila hatakwenda mbele ya bodi kabla mama yake hajatoa kauli. Na bodi yenyewe, ikiona mjane amekaa kimya, haitapitisha kitu.

Mjane huyo ni Kagure. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ndogo, na ameokoka tangu siku za Hali ya Hatari, enzi za mkoloni. Anamkaribisha mgeni ndani, anamwekea chai, kisha anasema bila kuulizwa mara mbili:

"Mimi siamini hayo mambo ya zamani. Bwana wangu alikufa na kifua. Daktari aliniambia, na mimi nilimsikia akipumua usiku, miezi mingi. Hao wanasema kidole, kidole gani?"

Anachukua ungo wa njahi, yale maharagwe meusi, anaanza kuchambua mawe.

"Lakini ile siku ndiyo ya mwisho nilimsikia akicheka. Na nikimwona huyo msichana, nasikia ile namba. Sitaki kuisikia. Akiwa jirani yangu hapo chini, nitaisikia kila siku nikienda mtoni. Sasa nifanye nini? Nimwambie hivyo? Ni kama kumlaumu. Simlaumu."

Hajamwambia Murugi maneno haya. Alipoulizwa kama yanaweza kuandikwa, alichambua mawe mawili zaidi, akasema, "Andika tu. Kinachonishinda ni kumwambia."

Murugi naye amewaza kila kitu ambacho mtu aliyechoka huwaza. Amewaza kununua Kiambu, lakini huko hana mtu. Amewaza kubaki Nairobi na Mbula, lakini Mbula anaolewa Desemba. Kuna abiria mmoja, mzungu mjane mwenye ranchi Laikipia, aliyemwambia waziwazi kwamba ana nyumba kubwa na hana wa kukaa naye.

"Nikienda huko, Ngendo atasema si niliwaambia," anasema. "Na sitaki nyumba kubwa. Nimekaa kwenye nyumba kubwa yenye mabawa miaka kumi. Nataka kitu kisichotoka pale kilipo."

Mama yake amemshauri anunue mbuzi, wazee waitwe, maombi yafanywe na yaishe. Mchungaji amemwambia Magdaline kwamba hakuna kosa la kuombewa. Kwa hiyo Murugi hana hata mlango wa kuombea msamaha. Kwa upande mmoja anaambiwa hakufanya kitu, kwa upande mwingine watu wanahama benchi.

"Ningejua niseme samahani kwa nani, ningesema," anasema, akitoa miguu kwenye karai na kuikausha kwa upindo wa shuka. "Nimewaomba watu samahani miaka kumi. Ndege ikichelewa, samahani. Kuku akiisha, samahani. Upepo ukitikisa, samahani, kama mimi ndiye upepo. Hiyo ni rahisi."

Anatakiwa Embakasi kesho kutwa. Alasiri hiyo anavaa viatu vya raba, anashuka kwenda kwa Kagure.

Kagure yuko nje, ameketi kwenye gunia kuukuu kando ya ukuta uliopata jua kidogo, anamenya maharagwe mabichi. Anamwona Murugi tangu kwenye mgomba. Hasimami, lakini anasogeza beseni lake ili kuwe na nafasi.

"Wa Theuri," anasema.

"Mama Kihara. Habari za hapa."

"Ni nzuri. Umeshuka lini?"

"Jana."

"Hujanona. Huko hawakupi chakula?"

"Wananipa. Wanatupima."

"Kupima watu," anasema Kagure, na mkono wake unasimama kidogo juu ya beseni. Kisha unaendelea.

Murugi anaketi chini, kwenye nyasi, anachukua maganda machache bila kuambiwa na kuanza kumenya. Kutoka hapo walipo kona ya chini inaonekana vizuri, na itoka zake zimefunga safu mbili za kijani kibichi, zikikutana kwenye jiwe.

"Nyasi imekuwa ndefu huko," anasema Kagure hatimaye, akiangalia kwingine. "Kihara anasema atafunga ndama hapo."

"Nimeiona."

"Ni nyasi nzuri."

"Mama Kihara." Murugi anaweka maganda chini. Sauti inayotoka si ile ya kazini. Ni nzito kidogo, na ina mkwaruzo wa mtu ambaye hakulala. "Mimi Februari sina kazi. Mzee aliniahidi, na wewe ulikuwepo, wewe ndiye ulileta chai. Sikuja kukukumbusha. Sikuja kusema ni yangu. Kama haiwezekani, haiwezekani, nitatafuta kwingine, sitamwambia mtu neno baya juu yako. Lakini tangu Mei nakuja hapa, tunaongea habari ya mvua, tunaongea habari ya ndama, narudi. Mimi naomba kitu kimoja. Niambie. Hata kama ni hapana, sema hapana nisikie na masikio yangu. Usininyamazie."

Kagure anapasua ganda kwa kidole gumba. Punje zinaanguka ndani ya beseni. Anachukua lingine.

Upande wa mlimani wingu limeanza kuteremka. Kihara anapita chini na ndama, anainua mkono, wanawake wote wawili wanainua yao.

Murugi anangoja. Amezoea kungoja watu waamue, amesimama mbele yao, mgongo ukiuma, uso ukiwa umetulia. Sasa ameketi, na bado mgongo unauma. Anamtazama Kagure mdomoni.

Kagure anamenya mpaka ganda la mwisho. Anainua beseni, analiegemeza kiunoni, anasimama pole pole kama watu wa umri wake wanavyosimama. Anakaa hapo kitambo, akiangalia chini kuelekea mtoni. Midomo yake inafunguka, inafumbwa tena.

Kisha anaingia jikoni na maharagwe yake, akiuacha mlango wazi.